Tovuti ya Ukoo: Nani Aandike, Nani Afute?

Karibu kila ukoo siku hizi una grupu la WhatsApp. Humo kuna michango ya misiba, picha za harusi, salamu za Ijumaa na video ambazo hakuna anayezifungua kwa sababu zinamaliza bando. Halafu siku moja babu mmoja anatuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, anaeleza ukoo ulitokea wapi, nani alimzaa nani, na kwa nini upande wa Kilwa na upande wa Lindi hawakuzikana kwa miaka mingi. Watu wanamwekea alama ya dole gumba, wanaandika "ahsante babu, Mungu akupe umri". Baada ya miezi michache simu zimebadilishwa, ujumbe umepotea, na babu pengine naye ameshatangulia mbele ya haki.

Ndiyo maana wengi wetu tukishafika chuo tunapata wazo lile lile: tuwatengenezee ndugu zetu tovuti ya ukoo, kila mtu aingie aandike anachokijua. Wazo zuri. Kwa upande wa ufundi wala si kazi kubwa, mtu anayejua kompyuta kiasi anaweza kuisimamisha ndani ya likizo moja. Ugumu uko kwingine. Tovuti ikimruhusu kila mwanaukoo aandike, kuna siku shangazi ataandika jambo ambalo mjomba atalikana. Siku hiyo mwenye neno la siri la tovuti, ambaye mara nyingi ndiye mjukuu mdogo kuliko wote, anageuka hakimu wa ukoo mzima bila kuapishwa.

Makala hii ni ya huyo mjukuu. Hoja yangu ni moja: msimamizi wa tovuti ya ukoo hakuwekwa pale kuamua ukweli wa nani ushinde. Amewekwa kutunza nani alisema nini, na kuwalinda walio hai wasiumizwe na kilichosemwa. Nitachukua mifano ya Kilwa na pwani ya Lindi, kwa sababu watu wa kule walianza kuandika na kubishania nasaba mapema sana, na yaliyowapata yanatufundisha.

Nasaba moja, masimulizi matatu

Kilwa Kisiwani tunaikumbuka kwa magofu: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, na kuingizwa kwake pamoja na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Lakini Kilwa ina urithi mwingine ambao haupigwi picha, nao ni historia ya ukoo wa watawala wake. Historia hiyo imetufikia katika lugha tatu, na kila lugha inasema lake.

Ya kwanza ni ya Kireno. Mwaka 1552 mwandishi João de Barros alichapisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa kuhusu Wareno katika Asia, na ndani yake akaweka habari za wafalme wa Kilwa. Anasema mwanzilishi alikuwa Ali, mwana wa sultani wa Shiraz. Mama yake Ali alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi walikuwa wakimdharau kwa hilo. Ali akaona bora aondoke, akatafute kwake.

Ya pili ni ya Kiarabu, kitabu kinachojulikana kama Al-Sulwa fi akhbar Kulwa. Mwandishi wake hajulikani jina. Tunacho kupitia nakala iliyoandikwa mwaka 1877, ambayo sasa imehifadhiwa London, na iliyochapishwa mwaka 1895. Humo anaondoka baba pamoja na wanawe sita, merikebu saba. Habari ya mama mtumwa na dharau ya ndugu haimo.

Ya tatu ni ya Kiswahili, katika habari za miji ya pwani ambazo Mjerumani Carl Velten alizikusanya na kuzichapisha Berlin mwaka 1907. Hapa anatokea mtu ambaye ndiye mwenyeji wa kisiwa, mzee Mrimba, na watu wake Wamachinga. (Ndiyo, Wamachinga walikuwa watu wa Lindi kabla hatujaligeuza jina lao kuwa la wauza bidhaa barabarani.) Mgeni kutoka Uajemi anamwoa binti wa Mrimba, kisha kisiwa kinatolewa kwa nguo zilizotandazwa.

Sasa fikiria hawa ni wachangiaji watatu wa tovuti moja. Wa kwanza analeta jambo la aibu, wa pili analinyamazia, wa tatu anasema "mnasahau upande wa mama". Msimamizi mwenye haraka angechagua simulizi moja, pengine lile lililoandikwa kwa lugha ya kitaaluma, na kufuta mengine ili ukurasa upendeze. Ingekuwa hasara kubwa.

Kwa nini? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Watafiti walikuta kwamba kwa wengi wa watu wa pwani zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na imetoka zaidi kwa wanawake. Sehemu ya Asia kwa kiasi kikubwa imetoka kwa wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Utafiti huo hauthibitishi kwamba Mrimba aliishi wala kwamba Ali aliondoka kwa kudharauliwa. Lakini unaonyesha kwamba wazee waliomtaja babu wa Uajemi hawakuwa wakijisifu bure, na waliomtaja binti wa mwenyeji walibeba kitu ambacho kumbukumbu ya wanaume peke yake ilikiacha. Kila simulizi lilikuwa na kipande chake. Kama mojawapo lingefutwa karne zile, leo tusingejua hata la kuuliza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya tovuti ni hii: masimulizi yanayopingana yanakaa pamoja, kila moja chini ya jina la aliyelisimulia. Usiandike "ukoo wetu ulitoka Shiraz". Andika "bibi fulani, akiwa Kivinje, mwezi fulani mwaka fulani, alisema ukoo ulitoka Shiraz, mjomba fulani wa Kilwa Masoko anasema ulitoka bara". Ukifanya hivyo hujamwita mtu mwongo, na hujajifanya unajua usichokijua.

Wanachuo waliotutangulia

Hili la kuandika msimulizi si jambo jipya. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wa shahada ya kwanza kama sisi, walitumwa kwenda kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji katika Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Vita hivyo vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, kwa hiyo mwaka 1968 bado kulikuwa na wazee walioviona kwa macho yao. Gilbert Gwassa na John Iliffe wakachapisha mwaka huo huo kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Mwaka 1969 ikatoka tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari.

Sisi wa ualimu tunapaswa kuuangalia mradi ule kwa makini. Vijana wale walikwenda kwa wazee, wakasikiliza, wakaandika kijiji na jina la msimulizi. Kama wangerudi na muhtasari tu wa "wananchi wanasema", leo watafiti wasingeweza kulinganisha mzee wa kijiji hiki na wa kijiji kile. Na wazee wale hawapo tena wa kuulizwa upya. Bibi yako naye hatakuwepo siku zote.

Jambo linalosemwa kwa sauti ya chini

Hadi hapa mambo ni mepesi. Ukweli ni kwamba kwenye pwani ya Kilwa na Lindi kuna suala moja linaloweza kuivunja tovuti ya ukoo ndani ya siku moja, nalo ni utumwa.

Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkuu wa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilipita pale, na watu pia. Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultan Barghash wa Zanzibar na Waingereza ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini utumwa wenyewe bara haukuisha. Wajerumani walipotawala hawakuufuta. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka 1905 anaweza kuwa bibi wa mzee mwenye miaka 70 leo. Si habari za kale kama tunavyojidanganya.

Watu waliotoka utumwani walifanya yale ambayo binadamu yeyote angefanya. Walihamia mji mwingine, wakachukua jina la ukoo waliokaa nao, wakasoma dini, wakajenga, wakaoa na kuolewa. Wajukuu zao ni sisi na majirani zetu. Lakini ikifika siku ya posa, utasikia mtu anasema kwa sauti ya chini: "Wale asili yao si ya hapa." Neno hilo moja limevunja ndoa, limemnyima mtu haki ya mirathi, limemfanya kijana hodari asisimamishwe mbele ya wenzake. Sasa wewe umefungua tovuti, na mchangiaji mmoja anaandika: "Babu wa nyumba ile alinunuliwa na babu yetu." Utafanya nini?

Ukifuta, umemfuta mtu huyo mara ya pili. Mara ya kwanza walimnyang'anya jina na kwao, na sasa unamnyang'anya hata alama kwamba alipita duniani. Ukichapisha, umemvua nguo mtoto wa darasa la tano ambaye kesho atachekwa shuleni kwa jambo lililotendwa kabla babu yake hajazaliwa. Kuna wanaosema ukweli ni ukweli, uandikwe tu. Kuna wanaosema yaliyopita si ndwele. Mimi naona wote wawili wanaliruka swali lenyewe: habari hii ni ya nani?

Jibu langu ni kwamba habari ya kuwahi kutumwa ni mali ya kizazi cha aliyetumwa. Wao ndio wenye haki ya kuifungua. Kwa hiyo weka kanuni ya pili: hakuna mtu anayeruhusiwa kuandika hadharani kwamba nyumba ya mwenzake ilitoka utumwani. Mchango kama huo haufutwi. Unawekwa kwenye faili lililofungwa, pamoja na jina la aliyeuleta na tarehe, mpaka wenyewe wakisema ufunguliwe, hata kama ni baada ya miaka 40. Na ukifunguliwa, lugha iwe ya heshima. Usiandike "mtumwa wa fulani", andika "alitekwa", "alifanywa mtumwa", kisha andika alikotoka na jina alilopewa na mama yake, kama linajulikana.

Najua mtu atasema hii ni njia ya kuficha historia. Hapana. Historia ya utumwa wa Kilwa iandikwe wazi kwenye ukurasa wake, pamoja na njia za misafara, miaka, na majina ya wafanyabiashara waliomo tayari katika vitabu. Kinachofungwa ni kidole cha kunyooshea nyumba ya jirani. Tena ona upande wa pili: uzao wa mabwana haulazimiki kusubiri ruhusa ya mtu. Kama babu zako walimiliki watu, hiyo ni habari ya nyumba yako na unaweza kuiandika leo. Ni ajabu kwamba tangu zamani aibu tumembebesha aliyeuzwa, aliyeuza tukamwita muungwana.

Chukua mfano wa Hassan bin Omari, maarufu kama Makunganya. Alipambana na Wajerumani Kilwa, wakamnyonga Kilwa Kivinje mwaka 1895. Kwa hilo anastahili kutajwa kati ya waliopinga ukoloni. Lakini pia alikuwa mtu wa biashara ya misafara, na misafara ile ilibeba watu. Ukoo unaomkumbuka kama shujaa na ukoo unaokumbuka bibi aliyepitishwa kwenye njia zile, yote miwili ina haki ya kusema. Msimamizi asimwondolee mtu shujaa wake, wala asimzibe mdomo mwenye jeraha. Aweke kurasa zote mbili, na kila moja imwelekeze msomaji kwenye nyingine.

Nani akae kwenye kiti cha usimamizi

Mjukuu mwenye kompyuta asikae peke yake. Napendekeza wasimamizi watatu: mzee wa upande wa baba, mzee wa upande wa mama, na kijana mmoja anayejua mitambo. Angalau mmoja wao awe mwanamke, na nasema hivi kwa sababu ya kazi yenyewe. Wanaokumbuka nani alizaliwa lini, nani alinyonyeshwa na nani, na ni mtoto yupi aliyefariki akiwa na siku saba, mara nyingi ni bibi zetu.

Upande wa mama una uzito wa pekee katika Lindi. Wamwera, Wamakonde na Wayao kwa jadi walihesabu ukoo kwa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Dini na taratibu za serikali zimevuta hesabu kuelekea kwa baba, kwa hiyo leo nyumba moja inaweza kuwa na hesabu mbili kwa wakati mmoja. Programu nyingi za nasaba zilitengenezwa na watu ambao jina la ukoo wanalirithi kwa baba. Ukijaza bila kufikiri, baada ya vizazi vitatu nusu ya ukoo imepotea, yaani umeirudia ile hasara ya kuwaacha wanawake nje ya nasaba. Kwa hiyo kila mtu anayeingizwa aandikiwe mama yake kwanza. Kama mama hajulikani, nafasi iachwe wazi na ionekane kuwa iko wazi, ili ituume mpaka mtu aijaze.

Utaratibu wa kazi uwe mfupi na uandikwe mahali pa kusomwa na wote:

Mchango wowote unasubiri kwanza. Hauonekani mpaka wasimamizi wawili kati ya watatu wauridhie.

Msimamizi hapitishi mchango wake mwenyewe, wala haamui jambo linalogusa nyumba yake.

Mchango ukikataliwa, mchangiaji aambiwe sababu kwa maandishi. Mzee akiandika halafu akaona kimya, atahisi amedharauliwa na mjukuu, na hapo umempoteza yeye na yote anayoyajua.

Asiyeridhika apeleke shauri lake kwenye kikao cha ukoo. Tovuti isichukue nafasi ya kikao.

Programu ipi, na inafanya nini

Kuna programu ya bure inaitwa webtrees, inayowekwa kwenye tovuti na kutumiwa kwa simu au kompyuta. Naitaja kwa sababu imejengwa kwa ajili ya kazi hii. Ina ngazi za watumiaji: mgeni anayetazama tu, mwanachama, mwandishi, msimamizi wa michango, na meneja. Mwandishi akibadilisha kitu, badiliko linakaa kwenye orodha ya kusubiri mpaka msimamizi alikubali au alikatae. Pia inawaficha watu walio hai wasionekane na wageni. Mtu ambaye tarehe ya kifo chake haikuandikwa huhesabiwa kuwa hai mpaka ipite miaka 120 tangu azaliwe, isipokuwa ukibadilisha mpangilio huo.

Jambo jingine lililonifurahisha: inaruhusu kuonyesha mtoto amehusianaje na wazazi, kwa kuzaliwa, kwa kulelewa, hata kwa kunyonyeshwa. Kwa jamii ya Waislamu wa pwani hilo si dogo, maana ndugu wa kunyonya hawaoani. Bibi mmoja akifariki bila kusema alimnyonyesha nani, vijana wanaweza kuchumbiana bila kujua.

Taarifa zote zinaweza kutolewa kama faili la GEDCOM, mfumo ulioanzishwa Marekani mwaka 1984 na kanisa la Wamormoni, na ambao unasomeka kwenye programu nyingi za nasaba. Faili hilo ni maandishi tu, kwa hiyo ni jepesi na linaingia kwenye simu ya kawaida. Litoe kila mwezi, uwape watu watatu wa miji tofauti. Tovuti inalipiwa kila mwaka, na tunajua bumu likichelewa nini kinatokea. Mwaka ambao hutalipa, tovuti itazimwa, lakini ukoo usizimike nayo. Vilevile chapisha nakala ya karatasi mara moja kwa mwaka, uipeleke kwa wazee. Wengi wao hawatafungua tovuti kamwe, ila wakipewa karatasi watachukua kalamu na kusahihisha, na masahihisho yao ni michango kama mingine.

Majina na miaka

Majina yatakusumbua. Pwani mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi. Mtu mmoja anaweza kuwa Saidi kwenye cheti cha shule, Said kwenye kitambulisho cha taifa, na nyumbani wakamwita jina ambalo halifanani na yote mawili. Wengine wametajwa bin au binti kwenye karatasi za zamani, na watoto wao wameliacha neno hilo. Mpe kila mtu namba yake, halafu andika majina yake yote chini ya namba hiyo. Usiunganishe watu wawili kwa kufanana majina tu. Kina Mohamedi Ali mjini Lindi huwezi kuwamaliza kuwahesabu.

Miaka nayo ina dawa yake. Ukimuuliza bibi "ulizaliwa mwaka gani?" atakwambia hajui, na mazungumzo yatafia hapo. Muulize hivi: "Shikamoo bibi. Kimbunga kilipopiga Lindi, ulikuwa umeshaanza kutumwa dukani?" Kimbunga kile kilipiga tarehe 15 Aprili 1952. Akikwambia alikuwa anabebwa mgongoni, umeshapata makadirio. Tengeneza orodha ya matukio kama hayo kabla hujaenda: Maji Maji 1905 hadi 1907, mradi wa karanga wa Nachingwea uliofuata Vita vya Pili vya Dunia, Uhuru 1961, kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970. Kisha andika "kabla ya kimbunga cha 1952", usibuni tarehe kamili ili jedwali lijae.

Ardhi na sheria

Mtu anaweza kuona yote haya ni mapambo ya likizo. Siyo. Katika Lindi nasaba ni mnazi, ni mkorosho, ni kiwanja. Serikali ilipotenga eneo la Likong'o, karibu na mji wa Lindi, kwa ajili ya mtambo wa kusindika gesi, walioguswa walipaswa kujulikana kwa majina ili walipwe fidia. Jambo la namna hiyo likifika kijiji chochote, ghafla kila mtu anakumbuka babu. Mti wa ukoo uliokuwa wa kujifurahisha unaweza kubebwa hadi baraza la ardhi kama ushahidi.

Hapo kanuni ya tatu: tawi lenye mgogoro wa mirathi au ardhi linafungwa lisibadilishwe mpaka shauri liishe. Na kwenye ukurasa wa mbele iandikwe wazi kwamba tovuti ni kumbukumbu za simulizi, si hati ya mirathi. Kwa kuwa kila badiliko lina tarehe na jina, hata mtu akijaribu kuingiza "mtoto wa babu" wiki moja kabla ya fidia, itaonekana.

Sheria pia ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Kwa lugha rahisi: ukikusanya taarifa za mtu, mweleze unazikusanya kwa kazi gani, zitumie kwa kazi hiyo, zilinde, na akitaka zisahihishwe msikilize. Kwa tovuti yetu hiyo ina maana ya kutoweka namba za simu, namba za vitambulisho, habari za ugonjwa wala picha za watoto. Wafu tuwasimulie, walio hai tuwaombe ruhusa.

Zoezi la likizo

Sisi ni walimu watarajiwa, kwa hiyo siwezi kumaliza bila zoezi. Usianze na tovuti. Anza na daftari na watu watano: wewe, wazazi wako, bibi mmoja wa upande wa mama na babu mmoja wa upande wa baba. Kwa kila jambo unaloandika weka vitu vinne: nani amesema, lini, mahali gani, na kama ameruhusu lisomwe na wote au libaki limefungwa. Kisha muulize bibi na babu jambo lile lile, kila mmoja peke yake. Majibu yatatofautiana. Usiwapatanishe, yaandike yote mawili.

Ukiweza kulala na majibu mawili yanayopingana kwenye daftari moja, bila kufuta lolote na bila kumtangazia mtu siri isiyo yako, basi uko tayari kupewa neno la siri la tovuti ya ukoo. Programu utajifunza kwa wiki moja.